Salme: Walikaa mkeka mmoja, kalamu wakapewa wavulana

Nawasalimu kutoka Kibirichia, huku kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Wanaonijua hapo Mombasa bado huniuliza mtoto wa Kibokoni nafuata nini kwenye baridi kama hii. Jibu ni fupi: ualimu. Mwalimu huenda anakopangiwa, nami nilipangiwa huku kwenye mashamba ya ngano, kabeji na viazi mbatata, ambako asubuhi ya mwezi wa Julai unashika chaki na vidole vimekufa ganzi.

Muhula uliopita walimu tulikaa kuangalia hesabu ya wanafunzi wetu. Mwenzetu mmoja alisoma rejista akafurahi. Wasichana na wavulana sasa wanakaribiana, na katika baadhi ya madarasa wasichana wamezidi. Akasema habari ya kumtetea msichana imekwisha, sasa tumtafute mvulana anayepakia magunia kwenye malori. Kuhusu mvulana sikupingana naye, na nitarudi hapo. Lakini lile neno imekwisha lilinikwama kooni. Usiku ule nilimkumbuka mwanamke mmoja wa Unguja aliyefariki mwaka 1924, na kesho yake nikawahadithia wanafunzi wangu maisha yake. Leo nawahadithia nyinyi.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, akapewa jina la Salme. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule yule aliyewashinda Mazrui na kuichukua Mombasa mwaka 1837. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria. Alitoka nchi ya milima karibu na Bahari Nyeusi, akatekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa, na mwisho akafikishwa Unguja. Kumbukeni habari hiyo ya mama, kwa sababu tutaihitaji mbele.

Jumba la Mtoni lilikuwa mji mdogo. Ndani yake mlisikika Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na Kihabeshi, na Salme alikulia katikati ya ndugu wengi wa mama mbalimbali. Alipofikisha miaka saba hivi, yeye na mama yake walihamia Beit al-Watoro, nyumbani kwa kaka yake Majid. Majid alimpenda dada yake na alimfunza mambo ambayo wengine waliyaona ni ya wavulana: kupanda farasi na kupiga bunduki.

Sasa tuje kwenye chuo. Msomaji wa pwani sina haja ya kumweleza chuo ni nini. Wengi wetu tulianzia huko, miguu tumeikunja, juzuu mbele, na bakora ya mwalimu haiko mbali. Watoto wa Sayyid Said walianza hivyo hivyo. Walimu hawakuwa wawili, mmoja wa wavulana na mwingine wa wasichana. Walikaa pamoja chini ya mwalimu mmoja, mwanamke aliyeletwa kutoka Oman, wakasoma Msahafu ule ule kwa saa zile zile. Kama mtu angekuja na kalamu na daftari kuhesabu miaka ya masomo ya kila mtoto, angeandika kwamba binti na kaka yake wako sawa.

Lakini hawakuwa sawa. Wavulana walifunzwa kusoma na kuandika. Wasichana walifunzwa kusoma tu. Akishajua kuusoma Msahafu, msichana alihesabiwa amemaliza.

Sababu iliyokuwa ikitolewa pwani yetu mnaijua, na wazee wengine waliendelea nayo hata karne iliyopita: msichana akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Haikuwa dini iliyokataza. Wanaosoma hadithi wanajua kwamba Bi Hafsa, mke wa Mtume, alifunzwa kuandika na mwanamke mwenzake, Shifa binti Abdullah. Wala si kwamba pwani nzima haikuwa na wanawake wenye elimu. Karibu na mwaka 1858, huku Lamu, Mwana Kupona alitunga utendi wa kumwachia binti yake wasia. Ila kuandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa msichana wa kawaida na hata kwa binti wa mtawala, kulionekana kama dirisha ambalo ni heri lifungwe.

Salme alilifungua mwenyewe. Hakuwa na mwalimu wa kuandika, kwa hiyo mwalimu wake akawa Msahafu. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao zamani ulitumika kama ubao, akakaa kwa siri akiiga herufi moja moja kama alivyoziona, mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana, wapo waliomsema vibaya. Lakini elimu ikishaingia haitoki, na hakuna aliyeweza kumfanya asijue tena.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili. Alihesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake wa shamba na fedha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, mama yake akafariki kwa kipindupindu. Mwaka huo huo nyumba ya kifalme ilipasuka. Majid ndiye aliyekuwa mtawala wa Unguja, na mdogo wake Barghash alikitaka kiti. Ndugu waligawanyika, na dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda sana, alisimama na Barghash. Salme akamfuata.

Hapo ndipo kalamu ilipomfikisha mahali pasipotarajiwa. Njama ilihitaji mtu wa kuandika barua kwa siri, mtu wa ndani ambaye hangewasaliti. Msichana wa miaka kumi na mitano ndiye aliyejua kuandika. Akawa karani wa uasi. Barua zilizopelekwa kwa wakubwa waliokuwa upande wa Barghash zilipita mkononi mwake. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, watu walikufa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakumwadhibu Salme. Alimsamehe, na Salme alibaki na majuto ya kumgeuka kaka aliyemlea.

Siwaambii hayo ili mseme kumbe wazee walikuwa na haki kuficha kalamu. Kalamu ni kama kisu cha jikoni. Anayenyimwa kisu hakati kidole, lakini pia hapiki. Wavulana wa nyumba ile waliandika barua za fitina kupita za Salme, na hakuna aliyesema wavulana wasifunzwe tena kuandika.

Baada ya hapo Salme aliishi mashambani, Kizimbani na Bububu, kisha akapatana na Majid na kurudi mjini. Kupatana huko kulimuudhi Barghash, na kwa upande ule akahesabiwa msaliti. Mjini nyumba yake ilikuwa jirani na ya mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana, na Salme akashika mimba. Kwa binti wa ukoo ule jambo hilo lingeweza kumgharimu maisha. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na Ruete siku hiyo hiyo, kisha wakafunga safari ya Ulaya. Mtoto yule wa kwanza alifariki safarini.

Najua hapa baadhi ya wasomaji wangu watakunja uso. Alitoka nyumbani, akatoka katika dini ya wazazi wake. Simwandiki ili aigwe, na hukumu yake iko kwa aliyemuumba. Namwandika kwa sababu ya kalamu.

Hamburg ilimpokea kwa baridi, na mimi wa Kibirichia naielewa baridi hiyo kidogo. Alijifunza Kijerumani, akajifungua watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe aliumia katika ajali ya tramu akafariki. Salme alikuwa mjane wa miaka ishirini na mitano, mgeni, na mtoto wake mdogo kabisa alikuwa na miezi tu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulitegemea. Walidhani Salme akishafika Ulaya atakuwa huru. Hamburg ilikuwa na shule, magazeti na mabenki, lakini sheria yake wakati ule haikumwacha mjane asimamie mali ya mumewe na ya watoto wake peke yake. Aliwekewa wasimamizi wanaume. Mwanamke aliyejua kusoma na kuandika kwa lugha zaidi ya moja alihitaji saini ya mwanamume mwingine kwa fedha za watoto wake mwenyewe. Mali ikapungua, na akalazimika kuhama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali pa bei nafuu.

Alijilisha kwa nini? Kwa kile alichokiiba kwenye mfupa wa ngamia. Alifundisha Kiarabu kwa malipo. Halafu akakaa kuwaandikia watoto wake habari za nchi ambayo hawakuijua, na maandishi yale yakawa kitabu, kumbukumbu za maisha yake, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wasomi wengi hukitaja kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu alijiandikia maisha yake. Leo mtu akitaka kujua watu wa jumba la Mtoni walikula nini, walivaa nini, waliumwa na kutibiwa vipi, lazima apitie kwake. Kaka zake waliofunzwa kuandika kwa haki hawakutuachia kitu kama hicho.

Nyumbani hakupokelewa tena. Majid alifariki mwaka ule ule wa 1870 na Barghash akawa Sultani. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda huko akitumaini kuonana naye, akarudi hajamwona. Mwaka 1885 alifika Unguja pamoja na manowari za Ujerumani. Serikali ya Bismarck ilimtumia kumtisha Barghash wakati ikitafuta ardhi ya bara, na ilipopata ilichotaka, madai yake ya urithi yaliwekwa kando. Watu wa mjini walimlaki, kaka hakumlaki. Alirudi tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na bado hakupata kitu. Akaenda kuishi Mashariki ya Kati, Jaffa na Beirut, mpaka 1914, kisha Ujerumani tena. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.

Miaka mitatu baada ya kifo chake, mwaka 1927, serikali ya Zanzibar ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana. Huko kuandika hakukuwa siri tena.

Nisifiche upande mwingine. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Unguja, akisema watumwa walitendewa vyema. Huyu ni binti ambaye mama yake mwenyewe alitekwa na kuuzwa akiwa mtoto. Mji wa Hamburg uliita uwanja mmoja kwa jina lake mwaka 2019, kisha ukaliondoa baada ya watu kuyasoma tena maneno yake hayo. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza itakuwaje mtu aliyenyimwa haki asione haki ya mwenzake. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kalamu humwezesha mtu kusema, haimwambii aseme nini. Ndiyo maana inafaa ziwe mikononi mwa wengi. Wale watumwa wa Mtoni wangepata kalamu, tungesoma kitabu cha pili na kulinganisha.

Basi turudi kwenye rejista yetu. Siku hizi dunia hupenda kupima usawa kwa miaka ya masomo: msichana kasoma miaka mingapi, mvulana mingapi. Ni kipimo kizuri, na sitaki mtu aseme nakibeza. Kenya elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2003, maelfu ya watoto waliokuwa nyumbani walionekana darasani, na wasichana walikuwa wengi kati yao. Lakini tazameni kisiwani Tonga, kule bahari ya Pasifiki. Wasichana wa huko husoma miaka kama wavulana, na aghalabu huwazidi. Ukihesabu miaka, Tonga imemaliza kazi. Kisha ukiangalia sheria ya ardhi, mwanamume akifikisha miaka 16 ana haki ya kuomba kiwanja na shamba, mwanamke hana haki hiyo. Wanawake bungeni ni wa kuhesabu kwa vidole. Miaka iko sawa, mikono haiko sawa, vile vile kama chuoni Mtoni.

Wala sihitaji kwenda Tonga. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alihitimu Msahafu mara nyingi na alisomesha watoto wa mtaa mzima. Kuandika hakufunzwa. Alikuwa na kiwanja alichoachiwa na baba yake. Siku moja jamaa alimletea karatasi akamsomea kwamba ni ya kukodisha, naye akabonyeza dole gumba. Ilikuwa ya kuuza. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, herufi zake ngeni kwake, na mkono wake haukuwahi kushika kalamu hata aombe aandikiwe upya kwa maneno yake. Nyumba yetu haikukizungumza kiwanja kile tena, lakini mama yangu aliapa kwamba binti zake wataandika kabla hawajajua kupika. Ndiyo sababu mimi niko Kibirichia leo.

Nilipomaliza hadithi ya Salme darasani, niliuliza swali moja: nyumbani kwenu, ni nani anayeandika? Wakanyamaza kwanza. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu, hodari wa hesabu kupita wote, akasema baba yake anauza viazi. Yeye ndiye anayemsomea baba ujumbe wa simu, bei ya leo na fedha zilizoingia. Na daftari la magunia? Hilo anashika mdogo wake wa kiume, wa darasa la nane, kwa sababu shamba litakuwa lake. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja siku ya soko. Wenzake wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka.

Yuko shuleni mwaka wa kumi na moja. Katika rejista yeye na kaka zake wako sawa. Nyumbani yeye anasoma, mdogo wake anaandika.

Na mvulana wa magunia? Mwenzangu yuko sawa kabisa. Msimu wa kuvuna viazi, madawati ya wavulana huku hubaki matupu, na wengine wakionja pesa ya kupakia lori hawarudi. Huyo naye ananyimwa kalamu, tena anaambiwa kwamba ni uanaume. Kumtafuta yeye hakuhitaji tumwache dada yake. Watoto wa Mtoni walikaa mkeka mmoja, na kalamu zingewatosha wote.

Wiki mbili baadaye yule msichana alinionyesha daftari jipya. Hakugombana na mtu. Alianza tu kuandika magunia yake, sambamba na ya mdogo wake, na mwisho wa juma baba akaona hesabu mbili hazilingani. Ya mdogo ilipungua magunia manne. Baba hakusema kitu kikubwa. Aliyaweka madaftari yote mawili juu ya kabati, na tangu siku hiyo anayafungua yote mawili.

Ndugu msomaji, wa Lamu, wa Malindi, wa Kwale, usiku wa leo kabla hujalala tazama nyumbani kwako. Usiulize tu binti amefika darasa la ngapi. Uliza hati ya nyumba nani anaijua ilipo, daftari la duka nani analishika, na barua ya ukoo ikiandikwa nani anakaa mezani. Ukiona binti zako wanasoma tu, wape kalamu mapema, wasije wakaitafuta kwenye mfupa wa ngamia.